Nyekundu ya Baba

Baba yangu alikuwa akichora maua, na mimi nilikuwa nikimwonea haya. Naanza na hilo kwa sababu sipendi mtu wa kuzunguka mbuyu, na kwa sababu haya ile ya kitoto ilikuwa mchezo tu ukiilinganisha na iliyokuja kunipata baadaye.

Msambweni ya miaka ile ya hamsini ilizijua kazi za wanaume. Mwanamume alivua, alilima, aligema, alikuwa na kiduka chake cha mafuta ya taa na sabuni, au alikwenda Ramisi kukata miwa akarudi mweusi kwa masizi ya mashamba yaliyochomwa. Baba za wenzangu walirudi nyumbani wananuka samaki na jasho. Wangu alishinda uani, ananuka sandarusi, na kucha zake zilikuwa na wekundu ambao hata sabuni ya mche haikuutoa. Wasichana pale kisimani walikuwa wakiniuliza kwa adabu ya kinafiki, mzee hajambo, na je, leo ameamkia asumini au kilua? Nami nina hasira za karibu tangu kuzaliwa. Nilikuwa nikiwatolea maneno, wanacheka, narudi nyumbani na ndoo nusu na kanga imelowa.

Kazi yenyewe niieleze, maana siku hizi simwoni anayeifanya, na vijana wakinisikia wanadhani nasema habari za picha za ukutani zinazouzwa kwa wageni. Baba alichora juu ya kioo, tena kwa upande wa nyuma. Vioo alivipata kwa mafundi waliokuwa wakijenga nyumba za Wazungu kule ufukweni Diani, vile vilivyopasuka pembeni. Alivikata, akaviosha kwa jivu na ndimu mpaka ukipitisha kidole vinalia. Mtu anayechora kwenye karatasi huanza na ua lenyewe, na mwisho kabisa, kama Mungu amemjalia mkono, huweka tone la umande juu yake. Baba alianza na umande. Kinachotangulia kuwekwa nyuma ya kioo ndicho kinachokuwa cha mbele machoni pa mtu, kwa hiyo alianza na lile tone, kisha vijinywele vya katikati ya ua, kisha mishipa, ndipo petali, na kivuli kikaja mwisho. Akikosea umande hakuwa na namna ya kuurudia, kwa kuwa ua zima lilikwisha kuukalia. Aliosha kioo chote akaanza upya, na siku hiyo hakuna aliyemsemesha.

Brashi alizitengeneza mwenyewe kwa nywele za mkia wa kuchakuro, akazifunga ndani ya bua la unyoya wa kuku. Rangi zilikuwa za unga, alizisaga juu ya jiwe akazichanganya na dawa yake ya sandarusi. Sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, aliiponda, akaiyeyusha polepole chunguni, mbali na makuti ya nyumba maana huwaka moto ghafla, kisha akaimiminia mafuta ya kitani. Mafuta hayo yalitoka Mombasa, kwa kivuko cha Likoni, na yakikosekana aliacha kazi akangoja. Watu walimshauri atumie ya nazi, si yamejaa kila nyumba? Alikuwa akiudhika kama umemtukania mama yake. Mafuta ya nazi ni ya nywele, alikuwa akisema, hayakauki hata siku ya kiyama. Miezi ya baridi yanaganda yakakudanganya kwamba yamekauka, likija joto yanageuka maji tena.

Mwisho kabisa ilikuwa karatasi ya fedha, ile inayofunika majani ya chai ndani ya makasha ya Wahindi. Aliikunjakunja ndani ya ngumi, akaifungua, akainyoosha kwa kisigino cha mkono, akaiweka nyuma ya maua tu. Palipobaki pote alipaka masizi. Mchana ungekiona kioo hicho ungesema ni kioo kichafu tu. Iwashwe karabai, basi, mwanga unapita kwenye rangi nyembamba, unagonga ile fedha iliyokunjamana, unarudi. Maua yanawaka. Mimi niliyekuwa nikimwonea haya kisimani nilikuwa nikikaa chini ya vile vioo magharibi ikiingia, nisitake kuondoka.

Sifa yake kubwa ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya watu wengine ilikuwa ikigeuka kahawia kwa chumvi ya hewa yetu. Ya Baba ilibaki vilevile, mbichi, inang'aa. Watu walitoka mpaka Vanga kuja kuagiza vioo vya mchago, ule ubao wa kichwani, wa samadari, vile vitanda vikubwa vya harusi, na walikuwa wakimwambia wazi, mzee, tutilie ile nyekundu yako isiyokufa.

Mama alifariki ningali mdogo. Baba hakuoa tena, na mambo yangu ya kike yote aliyashika somo wangu, rafiki wa mama, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito wa kukanda. Kwetu pwani, baba na binti aliyekua wana mpaka. Kuna mambo hayatajwi baina yao, hata kwa mafumbo. Nilipovunja ungo, Baba alijua kwa sababu somo alimwomba kanga mpya za kunipa, na Baba akazinunua bila kuuliza za nini. Ndivyo tulivyoishi, kwa heshima, kila neno zito likipita kwa somo. Sikuwahi kudhani kwamba heshima hiyo itaniumiza.

Niliposwa nilikuwa mtu mzima, nimevuka ishirini, na majirani walikwisha kuanza kunitazama kwa huruma. Bwana alitoka Diani, mtoto wa watu wenye minazi yao, mpole, mwenye haya kuliko mimi. Mavyaa, mama yake, alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Hakupiga kelele. Alikuwa anatazama tu, na kile alichokitazama kilijiona kina kasoro. Kwa desturi fungate ingekaliwa kwetu, lakini nyumba isiyo na mama ingefungatiwa na nani? Ikakubaliwa nipelekwe kwao na somo wangu anifuate.

Baba alinichorea kitanda changu. Waridi jekundu mchago mzima, na hakutia ua la rangi nyingine hata moja. Miezi alikuwa kwenye kazi ile, na sikumsikia akilalamika. Kitanda kilipandishwa kwenye lori lililokuwa likitoka Ramisi, na Baba, kwa kuijua ile barabara, akamkabidhi somo kombe la baharini alilotia ndani rangi yake nyekundu kidogo, limefunikwa kwa jani, ili seremala apitie pembe za mbao zikichubuka. Zilichubuka, zikapitiwa. Kombe likabaki juu ya kizingiti cha dirisha la chumba changu, na nani angelijali kombe siku ya harusi?

Yaliyo ya mtu na mumewe sitayasema, hata leo uzeeni. Nitasema linalonihusu tu. Nilikwenda kwa mume wangu kama mama alivyonizaa, na kile kitambaa cheupe cha usiku wa kwanza, kisarawanda, kilikuwa na ushahidi wangu. Ulikuwa mdogo. Alfajiri somo alikuja akakitoa, mimi uso umeinama, akapita nacho chumba cha nyuma kukikunja, kisha nikasikia vigelegele. Nikalala usingizi wa mtu aliyefaulu.

Niliamshwa na kimya. Nyimbo zilizokuwa zikiimbwa uani zilikatika katikati ya ubeti. Baadaye nilielezwa yaliyotokea. Mavyaa alikitaka kile kitambaa akitazame mwenyewe, mchana, juani. Damu, wanawake wote wanajua, ikikaa saa chache inakuwa kahawia. Doa la kitambaa changu lilikuwa jekundu wazi, na kwenye ukingo wake lilikuwa linang'aa. Alilikwaruza kwa ukucha. Alilinusa. Kisha akaingia chumbani kwangu bila hodi, akatazama huku na huku mpaka dirishani, akalichukua lile kombe. Akarudi akasimama mlangoni, kombe mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili, wanawake wote nyuma yake.

"Hii si damu," alisema. "Hii ni kazi ya baba yake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Watu husema hivyo kwa mambo madogo, wamejikwaa mbele ya wageni, wamechelewa kupika. Mimi nilitamani kweli. Niliapa. Nilisema wallahi, billahi, sikuligusa kombe lile. Nilimtazama somo anisaidie, naye akawa anatazama mkeka. Akasema tu Mungu ndiye ajuaye, mwanangu, nyamaza. Hasira zangu, ambazo kisimani hazikuwahi kunitupa, siku ile sikuziona. Aibu ya mtu mwenye kosa angalau ina pa kushika, anajua anaona haya kwa lipi. Yangu haikuwa na mahali. Nilijikuta naona haya mwili wangu wenyewe, kana kwamba ndio uliosema uongo.

Bwana wangu, Mungu amrehemu, alijikaza akamwambia mama yake kwamba yeye hana neno nami. Mavyaa akamjibu kwamba yeye ni mtoto, anajua nini. Hakuthubutu tena. Ujumbe ukapelekwa Msambweni, kwa adabu, kwa maneno ya kiungwana kabisa: mzee aje achukue kilicho chake.

Kila mtu pwani anaelewa maana ya hayo. Mwanamke aliyerudishwa fungate haijaisha hapati mume mwingine, na akimpata ni wa kumficha jambo hilo. Nilifungiwa mle chumbani pamoja na somo. Wanawake walipita dirishani polepole kuliko ilivyo haja. Chakula kililetwa, kikarudi. Nilikuwa nikifikiri zaidi juu ya Baba kuliko juu yangu. Ni nani aliyemwambia? Kwa maneno gani? Mwanamume aliyekuwa akigeuza uso nikianika nguo zangu za ndani, sasa amesimamishwa na mjumbe wa kiume barazani kwake akaambiwa habari za kitambaa changu. Wazo hilo lilinichoma kuliko kurudishwa kwenyewe.

Alifika baada ya kukawia, si siku ile wala ya pili yake. Alikuja na kanzu nyeupe ya Ijumaa, chini ya kwapa ana kitu bapa kimefungwa gunia. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia. Wanaume walikuwa barazani, bavyaa, baba wa bwana wangu, katikati yao, na wanawake wamebanana ukumbini wasikose neno. Baba alisalimia, akaulizwa hali, akajibu, akauliza hali za watu, za watoto, za minazi. Kahawa ililetwa. Hakuna aliyetaja jambo. Kisha akaomba aletewe seredani yenye makaa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Kitanda nilichowaletea ni kibovu."

Akaeleza, taratibu, sauti ileile ya kueleza kazi. Kwamba mafuta ya kitani yalimwishia, Mombasa hayapatikani, siku zimekaribia, na yeye kwa tamaa ya kumaliza akatumia ya nazi. Kwamba kwa baridi hii rangi ilimdanganya ikajifanya imekauka. Kwamba watu wakifukiza udi chini ya kitanda, kama inavyopasa, joto linapanda, rangi inachuruzika na kudondokea chochote kilichotandikwa. Hakusema shuka, hakusema kitambaa. Alisema chochote.

Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na kioo kipya cha waridi, bila fedha wala masizi, akasema ni kipande cha kazi ileile kilichobaki. Akakishika kwa mikono miwili juu ya makaa. Kwa muda hakikufanya kitu. Kisha waridi la chini likalegea, likaanza kutiririka, la juu likalifuata, nyekundu ikafika ukingoni ikadondoka juu ya kanzu yake, tone, na tone jingine, na hakuiondoa kanzu. Watu wote waliona lile doa jekundu, linang'aa, juu ya kitambaa cheupe.

Mtu ambaye angetaka kupima mchago ulipo na kitambaa kilipokuwa asingekubali kirahisi. Lakini hakuna aliyetaka kupima. Wamepewa mlango wa kutokea na wote wameupitia. Bavyaa alisema, "Fundi, tumeona. Yamekwisha." Wanaume wakaitikia yamekwisha, yamekwisha. Baada ya kitambo mavyaa akaniletea yeye mwenyewe sahani ya halua na kikombe cha kahawa, akaviweka mbele yangu, akainyoosha kanga yangu begani. Ndiyo ilikuwa radhi yake, na kwa mwanamke yule ilikuwa kubwa.

Baba aliomba ruhusa akiondoe kile kioo cha kitanda, kisije kikaharibu mengine. Aliingia na bwana wangu amshikie mbao. Nikasema shikamoo Baba, akasema marahaba, macho yake kwenye kazi. Na hapo nilikitazama kioo kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile. Mchana, nimeshasema, vioo vile havina cha kuonyesha, na ndiyo maana hakuna aliyehangaika navyo. Lakini mimi nilizaliwa navyo. Hakuna petali iliyokuwa imesogea. Kila tone la umande lilikuwa mahali pake. Kioo kile kilichorwa kwa mafuta ya kitani, na ungekifukizia udi mwaka mzima kisingetoa hata jasho. Baba alikigeuza uso kifuani kwake, akakifunga gunia upesi.

Kwa hiyo alikuwa amesema uongo. Alikaa Msambweni zile siku za kukawia, akapika dawa mbovu kwa mafuta aliyoyadharau maisha yake yote, akachora waridi la kuunguzwa. Na hata hilo alilianzia umande, maana niliuona kwenye upenyo wa pazia kabla moto haujaukuta.

Kwanza nilifurahi, furaha ya kulia. Amenisitiri. Ni baba gani angefanya vile? Nilikula halua yote. Nikanyanyua kile kikombe, na kabla sijakifikisha mdomoni ndipo akili iliponijia. Baba alijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba rangi yake haichuruziki. Sasa yeye, moyoni mwake, alidhani ile nyekundu imetoka wapi? Imetoka kwenye kombe. Kwa mkono wa nani? Hakuna aliyekuwa na haja ya kuitia ila mimi. Asingetunga uongo mkubwa vile kama angeamini mwanawe hana haja nao. Alinisitiri kwa sababu hakuniamini. Niliirudisha ile kahawa sahanini.

Mimi nilibaki mke wa watu, mwenye heshima zangu. Yeye ndiye aliyekula hasara. Habari za namna ile zina miguu, na kabla kaskazi haijavuma kila mtu kutoka Likoni mpaka Vanga alijua kwamba fundi wa Msambweni anachora kwa mafuta ya nazi. Wenye samadari zake waling'oa vioo wasije wakaaibishwa kwenye harusi za watoto wao. Walioagiza walituma salamu kwamba wameghairi. Watoto walimwimbia njiani, nao ni watoto, lakini wimbo uliwatoka wazazi wao. Hakujitetea kwa yeyote. Akachukua kazi Ramisi, kupaka chokaa nyumba za wakata miwa, ukuta baada ya ukuta, nyeupe tupu. Mimi nilikuwa nikipelekewa habari hizo Diani, nazimeza, nacheka na mawifi.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa, na somo akaja kunikanda siku za arobaini. Ndipo aliponiambia. Alikuwa nyuma yangu, ananikanda mgongo kwa maji ya moto, na nadhani aliweza kusema kwa sababu hatukuwa tukitazamana. Ni yeye. Alfajiri ile, chumba cha nyuma, alikikunjua kitambaa akaona doa langu, dogo kama punje ya choroko, akamwogopa mavyaa kwa niaba yangu. Zamani, alisema, masomo wengi huwasaidia mabinti kidogo, kwa damu ya kuku. Kuku hakuwapo, kombe lilikuwapo. Alifikiri nyekundu ni nyekundu. Alisahau kwamba ile ya Baba ilitengenezwa ili isibadilike.

Sikumwacha amalize kunikanda. Nilimtolea maneno yote niliyokuwa nimeyaweka tangu siku ile, na mengine ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia aende Msambweni leo, sasa hivi, akamwambie Baba. Mama wa watu akalia. Atamkabili vipi mwanamume na maneno kama yale, na amwambie kwamba alikaa kimya ukumbini akimtazama anaunguza jina lake? Alikataa. Ningeweza kumlazimisha mti, yeye nisingeweza.

Kwa hiyo arobaini ilipokwisha nilikwenda mwenyewe, mtoto mgongoni. Nilimkuta Baba uani ameketi juu ya kigoda, anajikwangua chokaa mikononi kwa gunzi la hindi. Kucha zake zilikuwa nyeupe. Kile kioo cha kitanda changu nilikiona nilipoingia. Alikuwa amekiosha rangi yote akakitia kwenye dirisha dogo la chumba chake, kinapitisha mwanga kama kioo chochote. Alimchukua mjukuu, akampima uzito, akamsomea, akaniuliza kama ninanyonyesha vizuri, naye kuniuliza hilo tu kulimtia aibu akageuza uso. Mpaka wetu ulikuwa palepale. Nikaona nisipouvuka wakati huo sitauvuka tena.

"Baba," nikasema, "lile jambo la kitanda."

Aliinua mkono wake wenye chokaa, si kwa ukali.

"Mwanangu, usijivunjie heshima," alisema. "Mimi nilikusamehe siku ileile, kabla sijakitia kioo motoni."

Maneno yalikuwa yamenijaa kinywani. Sikufanya, Baba, ni somo, sikugusa kitu. Nilikuwa na haki ya kuyasema na nilikuwa nimetoka Diani kwa ajili hiyo, na mtoto mgongoni. Nikamtazama. Kama nilikuwa na kosa, basi Baba aliuza maua yake kwa ajili ya mwanawe, na kila ukuta aliopaka chokaa ulikuwa na maana. Kama sikuwa na kosa, aliyatupa bure, kwa doa la mwanamke mwoga, pale ambapo neno moja lake lingetosha. Hakuwa na kitu kingine kilichobaki ila kule kunisamehe. Alikuwa amekaa nacho kwa utulivu, anamchezesha mjukuu wake.

Uso ulinishuka mpaka chini, aibu ikanivaa kama siku ya kwanza, na safari hii nikaiacha inikae.

"Ahsante, Baba," nikasema.